Nundu, Tundu na Vifungo

Mti uliokuwa mbele ya nyumba yetu haukuwa na kosa lolote. Naanza na hilo ili ijulikane mapema nani wa kulaumiwa. Wakubwa wa mji walikuja na msumeno wa injini, wakasema shina limeingilia barabara. Barabara ndiyo iliyouingilia mti! Mti ulikuwepo kabla hao wakubwa hawajaota meno. Wakaukata, wakasema barabara itapanuliwa. Mpaka leo kilichopanuka ni matumbo yao.

Kwenye lile shina, usawa wa kiuno, palikuwa na nundu kubwa kama kichwa cha ndama. Marehemu mke wangu alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi alitoa cherehani yake nje, akaegemea nundu ile, akashona. Miaka ishirini na sita ya mgongo wake iliilainisha mpaka ikang'aa. Hata alipofariki, upande mmoja wa nundu uliendelea kung'aa, mwingine una magamba.

Kwa hiyo nikaenda ofisini kwao kuiomba. Mara ya kwanza nikaambiwa mhusika hayupo. Mara ya pili mhusika yupo, lakini anakula. Mara ya tatu nikamkuta ameshiba: yule anayesimamia miti ya mji, sisi humwita Bwana Miti, ingawa kazi yake ni kuimaliza.

"Magogo ni mali ya mji," akasema. "Hilo jivimbe unaweza kuchukua. Ni taka."

"Andika," nikamwambia. "Kesho mtasema nimeiba."

Akaandika: Mzee amepewa taka, kipande kimoja. Akagonga muhuri. Sikusoma sana, lakini hayo niliyasoma vizuri. Nikaikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni.

Mimi ni mkereza. Mbao inazungushwa na mashine, mimi nasimama na patasi, naipa umbo: miguu ya vitanda, michi, vishikio vya milango. Majirani wananiita Shubiri kwa ajili ya ulimi wangu. Mke wangu alikuwa akiwajibu kwamba shubiri ni dawa. Tangu aondoke, miaka miwili sasa, hakuna anayewajibu.

Nundu niliipaka nta, nikaiweka chini ya benchi ikauke polepole. Ikakaa hapo mwaka mzima na zaidi. Kisha binti yangu, ambaye amerithi mikono ya mama yake, akapata chumba cha kushonea karibu na kituo cha basi. Akaja kwangu Jumatatu.

"Baba, Jumamosi nafungua. Vifungo vya mama bado viko kwenye lile kopo la kutu. Nitengenezee chombo kwa ile nundu yake. Nikikiona mezani nitajua tuko wote."

Ningesema nini? Nikasema haya. Alipotoka nikaanza kutokwa jasho.

Nundu si mbao ya kawaida. Mbao ya kawaida nyuzi zake zinakwenda njia moja, kama watu wanaotoka kazini. Nyuzi za nundu zimesokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na katikati yake kuna vifuko vya gome vilivyofichwa. Ukiikereza inatoa urembo ambao hata mfalme hana. Lakini ni dhaifu kama ahadi ya mkubwa: ukiigusa vibaya, inakupasukia usoni. Na nilikuwa nayo moja tu. Ule mti hautaota tena. Pale pamewekwa kibao cha kutangaza barabara.

Alhamisi asubuhi nikaifunga kwenye mashine. Nje ilitoka vizuri. Kitungi cha mviringo, tumbo pana, rangi ya asali iliyochanganyika na moshi. Upande uliolainishwa na mgongo wa mke wangu niliuacha kama ulivyo, sikuutia patasi.

Ndipo akaingia shemeji, mdogo wa marehemu. Huyu mwanamke haji mahali. Anashuka kama mvua ya mawe.

"Shubiri, bado hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, shemeji, ukanishikie nafasi."

"Nafasi yako huko inajulikana, ya karibu na jiko. Shika." Akanitupia furushi la vitambaa vyembamba. "Dada alikuwa akikufungia vyombo vyako vya hatari, au umeshasahau?"

Sikuwa nimesahau. Zamani nikikereza kitu dhaifu, mke wangu alikizungushia vitambaa kwa nje, vikabana, ili kikipasuka vipande visiruke. Shemeji akakifunga kitungi vile vile, akivuta kwa meno, mpaka kikafanana na mgonjwa aliyefungwa bendeji kichwa kizima.

Sasa ikabaki kuchimba ndani. Hapa lazima nikiri jambo moja. Sisi wakereza tuna ugonjwa wetu: mdomo mwembamba. Chombo chenye mdomo mpana kila mtu anaweza kukichimba, unaona mpaka chini. Lakini kuchimba tumbo lote kwa kupitia kijimdomo, kwa patasi iliyopinda shingo, huoni kitu, unasikiliza tu! Ukuta ukiwa mnene unalia *gwo-gwo*. Ukianza kuwa mwembamba unalia *shii*. Ukinyamaza, umeshatoboa. Nami nikakiwekea kitungi changu mdomo mdogo kuliko yote niliyowahi kuweka maishani, nikachimba mpaka saa nane, nikitoa maranda kwa mpini wa kijiko cha chai. Shingo niliifanya nyembamba kama biskuti.

Nikazima mashine, nikajifuta uso, nikasema, "Tazama ufundi huo, shemeji."

Akatazama. Akafungua lile kopo la kutu, akachagua kifungo kimoja, akakitumbukiza. Kikaingia kwa kubanwabanwa. *Kili, kili, ti.*

"Umeona?" nikasema.

"Nimeona. Sasa kitoe."

Nikaingiza kidole. Kikaishia kwenye kiungo cha kwanza. Nikakifungua kitungi kwenye mashine, nikakigeuza juu chini, nikakitikisa. Kifungo kikatembea huku na huku, kikajificha begani, kikakataa kutoka. Nikatikisa tena. Shemeji alikuwa ameshakaa chini juu ya maranda, anajipiga mapaja.

"Jamani, Shubiri! Vifungo vya watu umevihukumu kifungo cha maisha!"

"Acha kelele."

"Hata msamaha wa rais haviwezi kupata! Mtoto atawaambia wateja nini? 'Kifungo chako kipo, mama, ila tusubiri kikate rufaa'?"

Hasira ikanipanda kwa sababu alisema kweli. Binti yangu aliomba chombo cha kuwekea vifungo. Mimi nikatengeneza chombo cha kusifiwa. Ningepanua mdomo, ile shingo ya biskuti ingekatika. Kumbe hata mimi nilikuwa mkubwa wa ofisi: nimeandika, nimegonga muhuri, mwenye shida hakuulizwa.

"Nitapunguza bega kwa ndani," nikasema. "Likilala kidogo, vifungo vitateleza vyenyewe."

"Shubiri, kiache. Tutaweka maua."

"Kifungo chenyewe kitabaki humo?"

"Kitakaa, kina kosa gani?"

Sikumsikia. Nikakibandika kile kifungo ndani kwa kijidonge cha nta nilichokishindilia kwa kijiti, kisinirukie. Nikakirudisha kitungi kwenye mashine, nikaiwasha. Nikaingiza patasi. *Gwo-gwo. Shii. Shii.* Nikasema bado kidogo. Fundi akisema bado kidogo, mkimbieni. Patasi ikagonga kifuko cha gome. Pakalia *pa!* Kisha kimya.

Nikazima. Vitambaa vilikuwa vimeshika, kitungi hakikutawanyika, lakini chini ya vitambaa, ubavuni karibu na bega, palibonyea pale ambapo hapakuwa na ukuta tena. Nikakaa kwenye kigoda.

"Waliukata mti mara ya kwanza," nikasema. "Mara ya pili nimeukata mwenyewe."

Shemeji akainuka kwenye maranda. Akakifungua kitungi kwenye mashine, akakipakata kama mtoto, akaanza kukivua vitambaa kimoja kimoja. Cha mwisho kilipotoka, kipande cha gome kikaanguka. Pakaonekana tundu, upana wa vidole viwili, kingo zake zimechanikachanika kama jani lililoliwa na mdudu. Akakiinamisha kitungi ili atazame ndani.

Kifungo, na nta yake mgongoni, kikateleza, kikatoka kwenye tundu, kikamwangukia mapajani.

Tukakitazama wote wawili.

"Mfungwa ametoroka," akasema polepole.

Nikachukua kiganja cha vifungo kwenye kopo, nikavitia mdomoni mwa kitungi kimoja kimoja. Nikakilaza tundu likitazama juu: vimetulia. Nikakiinamisha: vikaja vyenyewe mkononi, viwili, vitatu, kama karanga. Juu vinaingia, ubavuni vinatoka. Shemeji akapiga kigelegele kilichomtoa fundi baiskeli wa jirani nje mbio, spana mkononi, akidhani kuna msiba.

"Nundu imezaa tundu!" akamwambia.

"Mkunga nani?" fundi baiskeli akauliza.

"Huyu hapa, na nusura amuue mama."

Ijumaa nzima nilishughulika na lile tundu. Nikaliwekea gundi nyepesi iingie kwenye nyufa, nikalisugua kwa msasa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Chini nikakikata kidogo kikae bila kubingirika.

Jumamosi binti yangu akakipokea kwa mikono miwili. Akapapasa upande ule wa mgongo wa mama yake. Kisha akatia kidole kwenye tundu, akacheka.

"Baba, hili wazo la tundu ulilipataje?"

"Ufundi una siri zake, mwanangu."

Shemeji akapatwa na kikohozi kikubwa, ikabidi aletewe maji.

"Mteja wa kwanza ni wewe," binti akasema. "Vua shati."

Shati langu lilikuwa linashikwa na pini kifuani miaka miwili. Nilijiambia aliyekuwa akinishonea ameondoka, basi. Akainamisha kitungi, kikatoka kifungo cheusi chenye matundu manne, kama vile kilikuwa kimeketi mlangoni kinanisubiri. Akakishona. Nikakaa na fulana mbele za watu kama mtoto anayeogeshwa, na sikuona aibu.

Nilikuwa nalivaa tena alipoingia Bwana Miti, koti mkononi, kifungo kimekatika tumboni. Sikushangaa, kwa tumbo lile hata kifungo kina mwisho wa subira. Alipoona kitungi akasahau koti.

"Hii kazi ya nani? Hiki kingekaa vizuri sana juu ya meza yangu ofisini. Nakitaka."

"Unasemaje?"

"Nakitaka, mzee."

Nikatoa ile karatasi mfukoni, nikaikunjua mbele yake. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini muhuri ulikuwa bado unasomeka.

"Hapana, mkubwa," nikasema. "Siyo *nakitaka*. Wewe mwenyewe uliandika *taka*. Na taka haiwekwi juu ya meza ya ofisi."

Akasoma mwandiko wake mara mbili. Binti yangu, asiye na ulimi wa baba yake, akamwambia akae, akamshonea kifungo vizuri, akakivuta kuhakikisha. Bwana Miti alipofika mlangoni shemeji akamwita:

"Shubiri ni dawa, bwana! Utapona!"

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anapanga uzi, kama si yeye aliyesema.