Utitiri Uliomla Dubu

Mwaka 1956 mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alileta dubu Goma, akamfungia katika kizimba cha vyuma nyuma ya nyumba yake, karibu na ziwa. Kazi ya kumlisha alipewa Harelimana, mtu wa kijiji cha Kibati. Mwanzoni alimsukumia chakula kwa fimbo ndefu. Baada ya mwaka, dubu alikuwa akila ndizi mkononi mwake.

Kisha dubu akaanza kujikuna. Manyoya yakamtoka mafungu mafungu, ngozi ikawa nene, ikapasuka. Harelimana naye akawashwa mikono. Akachukua gamba moja lililodondoka, akalipeleka kwa Zéphirin, muuguzi wa dispanseri.

Zéphirin akaliweka chini ya hadubini. "Angalia, papa."

Harelimana akaona kitu cha mviringo, chenye miguu minane mifupi, kikitambaa.

"Ni utitiri," akasema Zéphirin. "Unachimba ngozi, unataga mayai ndani. Kwa macho matupu huuoni."

"Na ule munyama anaweza kuvunja shingo ya ng'ombe!"

"Mdudu huyu hana haja ya nguvu. Anazaa tu. Mwambie bwana wako alete dawa ya salfa, asichelewe."

Mzungu aliposikia akacheka. "Dubu mzima aogope kidudu?" Dawa hakuleta.

Miezi miwili ikapita. Dubu akabaki mifupa, akijisugua kwenye vyuma mpaka damu. Jumamosi asubuhi mzungu akatoka na bunduki. Dubu alikuwa amejikunyata pembeni kabisa.

"Mwite," akasema. "Kwako anakuja."

"Bwana, tujaribu salfa kwanza…"

"Mwite!"

Harelimana akatoa ndizi, akapiga ulimi kama kila asubuhi. Dubu akaja akiyumba, akapitisha pua kati ya vyuma, akaipokea. Alikuwa bado anatafuna ndizi, risasi ilipolia.

Harelimana alichimba shimo peke yake katika mawe meusi ya volkano, kutwa nzima. Nyumbani, mke wake Béata alichemsha nguo zake, akampaka mafuta mikononi.

"Unawaza nini?" akamuuliza.

"Alikuja kwa sababu ni mimi niliyemwita."

Jumatatu mzungu alimwagiza aoshe kile kizimba, kuku waingizwe humo. Harelimana akaweka ufunguo mezani, akashika njia ya Kibati. Muwasho ulimwisha baada ya wiki tatu. Majirani walipomuuliza kwa nini ameacha kazi nzuri namna ile, aliwaambia kwamba alifukuzwa.