Jiwe la Kilima

Flekka, ng'ombe pekee wa nyumba ile, alikuwa siku ya tatu hajainuka. Inga alikuwa amemkanda mgongo mpaka mikono ikafa ganzi. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomweka hai Merran, binti wa Inga wa miaka miwili, ambaye tumbo lake lilikataa hata uji wa shayiri. Mumewe, Ola, alikuwa kaskazini kwenye barafu akiwinda nyangumi.

"Si nilisema?" Girzie, mama mkwe wake, alisimama mlangoni mwa banda. "Mumeo kang'oa jiwe la Kilima, kalitia kwenye ukuta wa banda hili kana kwamba halina mwenyewe!"

"Mwenyewe ni mifupa, Mama."

"Mifupa, eh? Basi mwambie ng'ombe wako asimame."

Kilima kilikuwa nyuma ya banda, kaburi la watu wa kale lililoota majani. Kisiwa kizima kilijua aliyelala humo halali. Ukimmwagia maziwa, anakulindia mifugo. Ukimwibia, anaanza na banda, kisha anaingia nyumbani. Inga, mzaliwa wa mjini, alizoea kuyacheka hayo. Leo hakuwa na cheko lolote, aliogopa, basi.

Akachukua mtaimbo.

Jiwe lilikuwa chini kabisa, kwenye pembe, pana na zuri. Ola alilionea fahari wiki nzima kabla ya kusafiri. Inga alichokonoa, akavuta, akalia huku akivuta.

"Taratibu, mwanangu," Girzie alisema. "Usilivunje, atakasirika zaidi."

Jiwe likatoka. Inga aliliburuta hadi nje, na hapo akasikia ukuta ukikwaruza nyuma yake. Pembe ikabonyea, na paa zima la mawe bapa likashuka. Flekka alilia mara moja tu.

Vumbi lilipotua, ulionekana mkia wake tu.

"Unaona hasira zake?" Girzie alinong'ona.

Inga alitaka kumpigia kelele. Hakuna aliyekasirika! Ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii, aliyeondoa jiwe lililoshika ukuta, na hata mtoto angeliona hilo.

Merran akaanza kulia ndani ya nyumba, kilio chembamba cha njaa.

Anaanza na banda, kisha anaingia nyumbani.

Inga aliinama, akalikumbatia jiwe, akaanza kupanda nalo Kilimani.