Ukimya wa Gari la Kukodi

Kitu cha kwanza alichokiona ni kile kibao cha kuzuia jua, mbele ya kiti cha abiria. Kilikuwa kimeshuka. Gari zima limekazwa barabara, hakuna kinachocheza, ila hicho kibao peke yake kilining'inia mbele ya kiti kitupu, na kioo chake kidogo kikamtazama yeye, binti aliyekaa nyuma.

Nyumbani walimwita Chiriku, kwa mzaha tu, maana chiriku ni ndege wa kelele na yeye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyafunga kwenye pindo la leso.

Baba yake, fundi cherehani, alikuwa bado nje. Alilizunguka gari mikono nyuma kama anayekagua suti iliyoshonwa na mwenzake. Akapitisha ukucha kwenye mwanya wa mlango, juu mpaka chini.

"Mishono imenyooka," alisema shingo upande. "Lakini bati jepesi. Langu mimi ukiligonga linaitika."

Mwenye magari ya kukodi akacheka. "Limeitika mpaka giaboksi ikadondoka, mzee wangu! Hili lirudi kabla jua halijazama. Na mlango usiubamize, si wa ghala huo."

Baba akaubamiza. Mlango ukafanya *tup*, laini, kama mto wa pamba umeangukia kitanda.

Sare za shule za kupeleka zilijaza buti ya gari, nyingine zikawekwa magotini kwa Chiriku. Kiti cha mbele hawakukiwekea kitu. Ndivyo ilivyokuwa tangu mama alipofariki akiwa amekikalia cha gari lao, njiani kwenda hospitali. Siku hiyo Chiriku alikuwa nyuma yake. Mama alishusha kibao, akajitengeneza kitambaa cha kichwa, akamtazama mwanawe kupitia kile kioo, midomo ikacheza. Lakini gari lao lilikuwa likinguruma na kugongana bati kwa bati, na Chiriku hakusikia hata neno moja. Kabla ya kufika getini, mama alikuwa ameshainamisha kichwa.

Tangu hapo, kila akishona vifungo kwenye kibanda cha ushonaji cha baba, Chiriku huichezesha midomo yake vile vile mbele ya kioo cha wateja. Neno halijapata kutoka.

Walipoingia barabarani, hakuna kilicholia. Si mlango, si kiti.

"Haya, kwa hili nawasifu," baba alisema. "Wameshona vizuri." Akakirudisha kibao juu. Kikaingia mahali pake *tak*. "Umeona? Kimekaza. Cha kwetu ungekifunga kwa kamba."

Kwenye kona ya mbele, kibao kikashuka. Hakikuanguka. Kilishuka polepole, kama kinavutwa na vidole.

Baba akakirudisha. Kikashuka tena. Safari hii alikiacha, na sifa zikamkauka mdomoni. Ndani ya ukimya ule mtu akavuta pumzi, ndefu, ya uchovu. Baba alikuwa amezizuia zake. Chiriku naye.

Jasho likamtoka baba shingoni. Akafungua kioo cha mlango wake, akawasha redio mpaka mwisho.

"Gari gani hili," akafoka, "halina hata mlio wa kumfariji mtu!"

Hapo ndipo Chiriku alipoelewa. Baba huyu asiyevumilia uzi mmoja uliochomoza alikuwa akimkataza makanika kukaza bolti za gari lao. "Liache liongee," humwambia. Na akizima injini, huruka nje kama aliyekalia sindano. Kumbe ule mlio ulikuwa pazia lake.

Walishusha sare shuleni, wakageuza. Jua lilikuwa limeinama. Barabara ya kwa mwenye magari ilikuwa hiyo hiyo, inakwisha, na kesho giaboksi ya gari lao ingekuwa imefungwa, kelele zimerudi, na neno la mama limefunikwa moja kwa moja.

"Baba."

Baba alishtuka. Chiriku hakuwa na desturi ya kuongea garini.

"Zima redio. Na kioo kifunge."

"Joto hili, mwanangu?"

"Tafadhali, baba. Nataka kusikia."

"Kusikia nini?"

"Unajua."

Baba akaweka mkono juu ya redio. "Mimi moyo huo sina, Chiriku."

"Basi niachie mimi."

Baba akazima. Akafunga kioo. Ukimya ukawafunika kama shuka lililotandazwa kwa mara moja.

Kioo kidogo kilikuwa kitupu, hakikuwa na uso. Kisha kikaingia ukungu katikati, kama kimepuliziwa kwa karibu, na ule ukungu ukapanuka na kusinyaa, ukapanuka na kusinyaa. Chiriku aliufuata kwa midomo yake. Aliijua hiyo michezo ya midomo kuliko jina lake. Ila sasa ilikuja na sauti, ya chini, sauti ya mwanamke aliyechoshwa na safari:

"Tumefika, mwanangu?"

Baba hakugeuka. Aliendesha huku machozi yakilowesha kola aliyoishona mwenyewe.

"Tumefika?" ikauliza tena, bila hasira, kama ambavyo bila shaka ilikuwa ikiuliza siku zote chini ya makelele ya lile gari lao.

Wakaingia kwa mwenye magari. Baba akazima injini. Safari hii hakuruka nje. Alikaa, mikono kwenye usukani, akimngoja binti yake.

Chiriku akainama mbele, akaweka kiganja juu ya mgongo wa kile kiti kitupu. Mshono ulikuwa na joto.

"Tumefika, mama," akasema. "Shuka taratibu."