Ustadh Asiyejua Kufinyanga

Mahganj alikuwa na hasira siku ya tatu sasa, na hasira zake hazikuwa za kununa. Alikuwa akisema. Aliwaambia majirani, akawaambia mbuzi, akauambia udongo uliokuwa mikononi mwake. Gudulia la marehemu mama yake, lililochukuliwa na watu wa makumbusho ya mjini, limewekwa ndani ya kabati la kioo, na chini yake pameandikwa: kazi ya Ustadh Pirdad.

Pirdad ni mdogo wake. Ustadh, yaani fundi bingwa, wa nini? Hapo kijijini Kalpuregan mwanamume hafinyangi, wala hajapata kufinyanga. Wanaume huchimba udongo, huleta kuni, huchoma. Kufinyanga ni kwa wanawake, kwa mikono mitupu, bila gurudumu, na zile nukta nyeusi za urembo mama humwachia binti yake. Mtu yeyote wa kijiji angeliona lile gudulia angejua ni la nani kabla hajaligusa.

Mahganj alipombana, Pirdad alijitetea kwamba waliomuuliza jina la mfinyanzi walikuwa wanaume wanne, wageni watupu.

"Ulitaka nitaje jina la mama mbele yao, dada? Uso wangu ningeuweka wapi?"

"Ukaona bora utaje lako."

"Walitaka jina. Nikawapa jina."

Ni kweli, kwao mwanamume hatamki jina la mama yake wala la mkewe mbele ya watu baki. Mahganj analijua hilo tangu utotoni. Lakini mama afinyange miaka hamsini mpaka vidole vipinde, halafu aibu ya mwanawe ndiyo imfute? Hapana bwana.

Mara wageni wakaleta habari kwamba wanakuja na kamera, wampige picha ustadh akiwa kazini. Pirdad akaja mbio, mpole kama maji ya mtungi. Akamwomba dada yake afinyange gudulia mpaka shingoni, yeye atakuwa analipapasapapasa tu. Mahganj alikubali upesi mno, na mwenzake hata hakushtuka.

Wageni walifika asubuhi. Pirdad alikaa mkekani na kilemba kipya, gudulia bichi mbele yake. Kamera ikawashwa. Mahganj akatoka uani, akainama, akalibonyeza lile gudulia kwa viganja viwili mpaka likawa donge, akamsukumia magotini.

"Haya, ustadh. Finyanga."

Pirdad alilichukua donge akaanza kuliviringisha kama anayetaka kupika mkate. Wanawake waliosimama ukutani wakaziba midomo kwa mitandio. Mgeni mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, kama hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Mikono ya Pirdad yenye makovu ya moto ikatulia juu ya udongo. Mahganj alimwonea huruma kidogo, kisha akajikasirikia kwa huruma hiyo.

"Waambie lile gudulia la kwenye kioo alilifinyanga nani."

"Dada, tafadhali. Sema wewe."

"Mimi sikuwadanganya. Aliyewadanganya ndiye atakayesema."

Pirdad aliinamisha kichwa. Jasho lilimtoka mpaka kwenye ndevu.

"Durkhatun," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yetu."

Maisha yake yote Mahganj hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa mdogo wake. Machozi yalimjia, na hasira isimtoke hata chembe.

"Rudia," alimwambia. "Hawajaandika."