Mbwa wa Maalimu Yunusu

Watu wa sokoni Iringa walijua kuna mbwa nyuma ya duka la Maalimu Yunusu. Usiku walimsikia akibweka. Mchana hakuna aliyemtaja, kwa sababu Maalimu alifundisha watoto Kurani, na kwa sababu ya yale aliyomfanyia Muhidini.

Muhidini alikuwa fundi cherehani. Mwaka uliopita mbwa wake alimfuata hadi msikitini akajilaza kwenye mkeka wa barazani. Maalimu Yunusu alisimama baada ya sala akasema mbele ya wote kwamba nyumba yenye mbwa haiingiwi na malaika. Muhidini aliinamisha kichwa. Wiki ile ile mbwa wake hakuonekana tena.

Miezi michache baadaye wezi walivunja duka la Maalimu wakabeba majora ya kitambaa. Akashuka Nyololo kwa lori la mahindi, akarudi na mbwa mwekundu ndani ya gunia. Hakumpa jina. Mtu hakipi jina kitu asichokuwa nacho.

Sasa kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia kutoka upande wa Mbeya, na boma la serikali likapiga mbiu: kila mbwa aletwe uwanjani karibu na soko achanjwe, kwa shilingi moja, avalishwe kibati shingoni. Asiye na kibati atapigwa risasi.

"Mpeleke," mkewe Mwanakhamisi alimwambia. "Shilingi moja tu, baba."

"Shilingi si kitu. Nitasimamaje mstarini nimeshika kamba? Muhidini atakuwepo."

"Basi nimpeleke mimi."

"Mke wangu ni mimi mwenyewe. Wakikuona wewe, wameniona mimi."

Akamfunga mbwa stoo, akaenda uwanjani na kanzu yake nyeupe kutazama kama wengine. Alidhani mtu anayeonekana akitazama hashukiwi.

Mstari ulikuwa mrefu. Wahehe walikuja na mbwa wao wa kuwindia nguruwe, wamefungwa kwa kamba za katani, na utani ulikuwa mwingi kuliko sindano. "Mchanje na mwenyewe, bwana mifugo, huyo ndiye anayeuma!" Bwana mifugo, kijana aliyeitwa Eliezeri, alicheka huku akifuta sindano.

Ndipo mbwa mwekundu akatokea, kipande cha kamba iliyotafunwa kikining'inia shingoni. Alipita katikati ya watu wote, akaja kusimama mbele ya Maalimu, akatikisa mkia.

Msaidizi wa Eliezeri akamkamata. "Mbwa wa nani huyu?"

Muhidini alikuwa hatua chache tu kutoka pale.

"Maalimu," Muhidini alisema polepole, "naona anakufahamu."

"Mbwa humfahamu yeyote," Maalimu akajibu. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu wake. "Mimi simjui."

Mbwa akaendelea kutikisa mkia.

"Hana mwenyewe, basi," Eliezeri akasema, naye hakucheka tena. "Mfunge kule. Jioni askari atakuja na bunduki."

Maalimu alifungua kinywa. Alijua kabisa maneno aliyopaswa kusema, yalikuwa mawili tu. Akatazama viatu vyake.

"Ni wangu." Aliyesema alikuwa Matilda, mjane kutoka Tosamaganga aliyeuza kabichi mkabala na duka la Maalimu. Alifungua fundo la khanga, akatoa shilingi. "Mchanje, mwanangu. Amenisumbua sana mbwa huyu, lakini ni wangu."

Sindano ilipoingia mbwa alilia kidogo, akigeuza kichwa kumtafuta Maalimu.

Kesho yake asubuhi Maalimu alimtuma Mwanakhamisi kwa Matilda na shilingi. Ilirudi.

"Amesema mbwa hauzwi," Mwanakhamisi akasema. "Amesema kama kuna mtu amepoteza mbwa, aje mwenyewe, mchana."

Maalimu alikwenda saa tano, soko limejaa. Matilda aliketi nyuma ya kabichi zake, mbwa miguuni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Maalimu. Kabichi?"

"Hapana." Wanawake wa jirani walikuwa wameacha kupanga viazi. "Nimekuja kumchukua mbwa wangu."

"Sikusikia, kelele nyingi."

"Mbwa wangu," akasema kwa nguvu. "Huyu ni wangu tangu mwanzo."

Matilda hakucheka wala hakumsimanga. Alipokea shilingi yake, akampa kamba. "Watoto wanacheza hapa kutwa," alisema tu. "Mbwa huyu angeumwa na mwenye kichaa, kisha awaume wao, ungetuambia, 'Mimi simjui'?"

Njia ya kurudi dukani ilipita kwenye baraza ya Muhidini. Kulikuwa na njia ya nyuma pia, ya kuzunguka. Maalimu aliitazama, kisha akaiacha.

Muhidini alisimamisha cherehani.

"Ndugu yangu," Maalimu akasema, kamba mkononi, "nilikuaibisha mbele ya watu kwa jambo ambalo mimi nalifanya kwa kificho. Mbwa wa ulinzi dini haikumkataza. Nilijua hata siku ile nilipokusema. Mwite wako arudi."

"Wangu?" Muhidini alishika ncha ya uzi, akaiachia. "Nilimwacha njia ya Dodoma, kwa kuwa ulisema. Akarudi mwenyewe, siku tatu njiani. Nikamfukuza kwa mawe, watoto wanatazama. Mara ya pili hakurudi."

Watoto aliowafundisha walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza, na wawili walikuwa wa Muhidini.

"Nisamehe," akasema.

Muhidini aliingia ndani, akatoka na maji katika kigae, akakiweka mbele ya mbwa mwekundu. Mbwa akanywa. Maalimu Yunusu alibaki amesimama juani, ameshika kamba, hana mahali pa kuweka macho yake.