Shimo la Odero

Mwaka wa 1958 niliongoza baiskeli kumi na nane kila asubuhi kutoka Riruta hadi Ngara, na kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa ameanguka. Wasiseme ni bahati, ilikuwa mimi, Odero. Tulikwenda wawili wawili, hakuna kufunga breki ghafla, na neno ninaloita mbele linapokezwa mpaka mkiani. Asiyepokeza haendi nasi.

Munir, karani wa duka la vitambaa, mtu wa Mombasa, alijiunga nasi Jumatatu. Alituhitaji kweli. Akiwa peke yake malori yalimsukuma mtaroni, na tajiri wake alishamwonya kwamba akichelewa tena hana kazi. Kijana mpole, ila Kiswahili chake kilichonyooka kilitukera kidogo.

Jumatano niliona shimo, nikaita, nikalikwepa. Munir, nyuma yangu, alinifuata kimya. Jamleck, nyuma yake, akaingia mzima mzima. Gurudumu lilipinda na kifundo cha mkono kikateguka.

Nilichemka. Tukiwa bado kando ya barabara nikamwambia Munir kesho aende na malori yake, na wote wakaniunga mkono. Akaomba kwa adabu aseme neno moja.

"Bwana Odero, ulisema simo. Nilidhani umechoka, unajitoa."

"Ndiyo, nilisema simo. Simo ya barabara."

"Shimo," akasema polepole.

"Si ndiyo hiyo? Simo."

Gerishon, wa mkiani, akaanza kucheka. Hapo nikaelewa. Ulimi wangu wa Kijaluo haujawahi kuipata sauti ile, na wenzangu walinizoea tu. Niliona aibu, aibu hasa. Ningeweza kukaza shingo, maana nani angemtetea mgeni? Lakini Jamleck alikuwa ameushika mkono wake, na lawama ilikuwa yangu. Nikasema hivyo mbele ya wote: kosa ni langu, Munir anabaki, na wakitaka kiongozi mwingine waseme sasa.

"Ongoza," akasema Jamleck. "Lakini nyoosha ulimi."

Alhamisi, Jamleck akiwa nyumbani na mkono wake, tulifika palepale. Nilijikaza, nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu zangu zote. Ikatoka simo ileile.

Nyuma yangu Munir akapaza sauti kuliko wote: "Simo!"

Baiskeli kumi na saba zikalikwepa shimo, na Munir akafika dukani mapema.