Kuhesabiwa Kabla ya Kengele

Naibu mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Kengele pale tu walipohakikisha hasikii, hakuwahi kumfungulia lango mtoto aliyechelewa. Yeye mwenyewe alilelewa bwenini, ambako aliyechelewa mstari wa alfajiri alikosa uji, na hakuona kuwa uji ule alioukosa ulimpunguzia chochote. Kwa hiyo watoto wa kituo cha wakimbizi walipotokea tena baada ya saa ya kuingia, jasho likiwatiririka na viatu vimejaa vumbi, aliwatazama kupitia nondo za lango asimwambie mlinzi neno.

Pembeni yake alisimama mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kaka wa mkewe, muuza saruji aliyezoea kuzungumza kana kwamba lori linanguruma jirani.

"Unaona, shemeji? Kila siku hadithi ni hiyo hiyo. Wapewe zamu yao ya mchana, na mwalimu wao, kila mtu apumue. Kamati inakaa keshokutwa, na mimi wala sina haja ya maneno mengi. Kanuni ni yako mwenyewe."

"Kanuni ni yangu," Kengele alikubali.

Lakini jambo hilo lilimchoma. Kanuni aliyoitunga ili iwanyooshe watoto wote sawasawa, sasa mtu mwingine ameishika kama ufagio wa kuwafagilia nje baadhi yao. Maana ya zamu ya mchana aliijua vizuri: mwalimu wa kujitolea ambaye leo yupo kesho hayupo, na watoto wa mji mmoja kukua bila kuazimana hata penseli, wala kupigana ngumi na kupatana.

Akatoka nje ya lango. Mkubwa wa watoto wale, msichana wa darasa la saba aliyemshika mkono mdogo wake wa kiume, akasimama wima.

"Mnachelewa kwa nini?"

"Tunahesabiwa, Mwalimu."

"Na nani?"

"Msimamizi. Lango la kituo halifunguliwi mpaka atuhesabu mwenyewe, na yeye anaanza kwanza kugawa maji kwa wazazi. Halafu akikosea anarudia. Na huyu mdogo wangu hatulii, kuna siku anahesabiwa kama watu wawili."

Mtoto mmoja nyuma alicheka, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani.

"Mbona hamkusema siku zote hizi?"

"Ulisema hutaki visingizio, Mwalimu."

Ni kweli alisema. Aliwapa adhabu yao, kwa kuwa kuchelewa ni kuchelewa, wakaokota takataka za uwanja mzima kabla ya kuingia darasani. Jioni alivaa koti lake, akaenda kituoni kwa miguu.

Msimamizi alimpokea katika chumba cha mabati chenye funguo zilizotundikwa kwa mpangilio na meza isiyo na karatasi iliyokaa upande. Alikuwa mtu nadhifu, asiyecheka ovyo. Kengele, bila kutaka, alimpenda.

"Wahesabu mapema zaidi," alimwambia.

"Nikiacha foleni ya maji, Mwalimu, watu watapigana kwa ndoo. Na bila mimi kuwahesabu, hatoki mtu. Mwaka jana mtoto mmoja alipotea hapa."

"Alipatikana?"

"Alipatikana. Lakini nywele hizi unazoziona, kabla ya hapo zilikuwa nyeusi."

Kengele alitafuta ufa katika maneno hayo asiuone. Ilikuwa kanuni ya mtu aliyewahi kutishika, na yeye angeitunga vilevile. Basi kama kanuni mbili zote ni za haki, alifikiri, kitakachosogea ni mwili wa mtu, na hapa mwili uliopo ni wangu.

"Wakabidhi kwangu," alisema. "Kila asubuhi nitakuja kuwachukua, nao watoke wewe ukiwa kwenye maji. Ukimaliza, njoo shuleni uwahesabu huko."

"Na akikosekana mmoja?"

"Nimempoteza mimi. Siku hiyohiyo naacha kazi. Nitakuandikia na kutia sahihi."

"Mwalimu, una mke wewe?"

"Ninaye."

"Umemuuliza?"

"Mke wangu ananijua. Nikikwambia nitakuja, yeye ndiye ataniamsha."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake kulipopambazuka alisimama nje ya kituo, akawapokea watoto wale, akawapanga wawili wawili na kuwatembeza mwendo ambao haukuwa wa kukimbia wala wa kujikokota. Walifika wanafunzi wengine wakiwa bado wanafagia madarasa. Mistari ilipopangwa, kila mmoja aliingia katika mstari wa darasa lake.

Msimamizi alifika kwa baiskeli, mwenyekiti akiwa amekwisha kufika kujionea.

"Haya, watoto wa kituoni wasogee kando niwahesabu," alisema msimamizi.

"Wasogee pale ukutani," mwenyekiti alimsaidia.

"Hapana," alisema Kengele.

Aliliona jambo lote mpaka mwisho wake: kila asubuhi ya mwaka, mbele ya shule nzima, watoto hawa kuchambuliwa kama mawe kwenye mchele.

"Mwanafunzi wa shule hii husimama katika darasa lake."

"Sasa mimi nitawajuaje? Wote sare moja."

"Hutawajua. Majina yataitwa ya wote, darasa baada ya darasa. Wewe sikiliza."

"Shemeji, utatuweka hapa mpaka jua la utosini," alisema mwenyekiti.

"Kivuli kipo pale."

Majina yakaanza kuitwa. Msimamizi alipita nyuma ya mistari akisikiliza, akitia alama kwenye orodha yake kila aliposikia jina la mtoto wa kituoni. Darasa la kwanza, la pili. Katika darasa la tatu likaitwa jina la mdogo wa kiume wa yule msichana. Kimya. Likaitwa tena. Kalamu ya msimamizi ikasimama, na mwenyekiti akatoka kivulini.

Kengele mwenyewe alikuwa amempokea mtoto yule, akamwona akipita lango. Hakutoa udhuru. Kule mbele, dada mtu alikuwa ametoka mstarini bila ruhusa.

"Nani amemwona?" Kengele aliuliza.

"Amefuata chaki, Mwalimu," alijibu mtoto mmoja wa darasa la tatu, kwa uchovu wa mtu anayewaeleza wakubwa jambo lililo wazi. "Leo zamu yake. Jana ilikuwa yangu."

"Zamu nani kawapangia?"

"Tumejipangia sisi."

Mlango wa chumba cha walimu ukafunguliwa, na mtoto akatoka amekumbatia boksi la chaki, kifua mbele, hana habari na mtu. Alipoona shule nzima inamtazama, alipunguza mwendo.

"Ukiitwa unaitika," Kengele alimwambia.

"Nilikuwa mbali, Mwalimu."

"Simama kwenye mstari wako."

Msimamizi alitia alama yake. Alisikiliza mpaka jina la mwisho la darasa la saba, akafunga kalamu. "Wametimia," alisema. "Kesho je?"

"Kesho pia."

"Mpaka lini, Mwalimu?"

"Mpaka wamalize shule. Wakija wengine, na wao."

Kamati ilipokaa, mwenyekiti alisimama bila kuwa na mchelewaji hata mmoja wa asubuhi ile wa kumwonyesha. Akasema kuhusu msongamano, akasema kuhusu madawati, mpaka mzazi mmoja akamuuliza kama si afadhali wazungumzie paa la vyoo, maana hilo linavuja kweli. Zamu ya mchana haikupigiwa hata kura.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu usiku. Naibu mkuu wa shule alikunja suruali yake mpaka magotini, akabeba viatu mkononi, akaenda kuwachukua.